Barua ya Rosa na Simu ya Binti Yetu

Kila mwaka tunapofundisha Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, majibu ya mtihani hufanana: "Dhamira kuu ni malezi mabaya." Mwanafunzi hupewa alama zake na kitabu hufungwa. Katika tahakiki hii fupi tunadai kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba sisi walimu ndio tuliolizoesha.

Tuanze na barua. Zakaria, mlevi wa Namagondo kisiwani Ukerewe, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua inasomwa; Rosa mwenyewe haulizwi anataka nini wala anaogopa nini. Mama yake, Regina, anampenda, lakini hana sauti nyumbani. Hivyo Rosa anapofika shuleni Mwanza, na baadaye chuoni Morogoro, amefundishwa kuwaogopa wanaume tu. Namna ya kuzungumza nao na kuwakatalia hakufundishwa.

Wanafunzi wetu hapa Uganda husema kwamba Rosa alikosa ssenga, yaani shangazi, ambaye kwa mila za Waganda ndiye amfundaye msichana. Hoja hiyo ina uzito, ila tusiipokee haraka. Mafunzo ya ssenga kwa kawaida yamelenga kumwandaa msichana kwa ajili ya mume. Tena siku hizi ssenga amehamia redioni na kwenye simu, akiwafunda asiowajua. Katika simu hiyo hiyo msichana huonyeshwa ngozi na kiuno anavyopaswa kuwa navyo. Akituma picha yake, wengine humsifu, wengine humtukana. Nyumbani anaambiwa, "Jifunike." Kwenye simu anaambiwa, "Jionyeshe." Pande zote mbili zinaujadili mwili wake, na yeye hana zamu ya kusema.

Je, riwaya yenyewe haina kasoro? Kwa maoni yetu inayo. Mwandishi anaufuatilia mwenendo wa Rosa hatua kwa hatua, ilhali wanaume wanaomtumia hawachunguzwi vivyo hivyo. Charles anamwacha kwa kuwa si bikira, na hakuna anayemdai Charles hesabu ya maisha yake. Nguvu ya kitabu iko mwishoni, baba na binti wanaposhtakiana mbele ya Mungu. Hapo ndipo Rosa anapomjibu Zakaria. Ubaya ni kwamba wote wawili wamekwisha kufa.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kike alituuliza darasani: "Mwalimu, Rosa angekuwa na simu, angepona?" Wenzake walicheka. Tulijibu kwamba asingepona, maana angepigwa kwa ajili ya simu kama alivyopigwa kwa ajili ya barua. Akasema, "Basi mimi nimwambie nani?" Darasa likanyamaza, nasi pia.

Tunapendekeza, walimu wenzetu, swali la mtihani libadilike. Badala ya kuuliza nani alimharibu Rosa, tuulize ni nani aliyewahi kumsikiliza. Wanafunzi wetu watakuwa na mengi ya kuandika.