Hina Haitaki Haraka

Kuisifu hina ukiwa Mollo ni kumsifu mgeni. Mhina ni mti wa joto. Unguja, Pemba na Lamu ndiko kwao. Huku kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, jirani na Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai ni adui yake. Anayeitaka huipata ikiwa unga wa pakiti. Hata hivyo naisifu, kwa sababu hakuna rangi ya nywele inayomdai mpakaji adabu kama hii.

Adabu ya kwanza ni kusubiri. Unga hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu na ndimu mpaka uwe uji mzito, kisha hufunikwa. Ukali wa ndimu huifungua polepole lawsoni, rangi iliyojificha ndani ya majani. Pwani, usiku mmoja unatosha. Mollo, baridi huchelewesha kazi, kwa hiyo bakuli likae jikoni, karibu na jiko lenye moto. Kisha nywele hugawanywa mafungu, zikapakwa kuanzia mashinani na kufungwa kilemba kizito kitakachotunza joto kwa saa mbili hadi nne. Zikioshwa, mvi hutoka na rangi ya chungwa kali. Asiyejua hushtuka, fundi humtuliza mteja wake, maana hewa itaiivisha rangi hiyo kwa siku mbili hivi mpaka ifanane na shaba.

Lawsoni hushikana na keratini, protini ya unywele, bila kuuchubua weusi aliozaliwa nao mtu. Ndiyo maana nywele nyeusi hupata wekundu wa kuonekana juani tu. Anayetaka weusi wa majani hutumia nili baada ya hina: unga wake hukorogwa kwa maji matupu, bila ndimu, na kupakwa muda mfupi baadaye.

Ufundi huu una heshima ya kale. Mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa kwa Mtume Muhammad akiwa na mvi nyeupe pe. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inasema Mtume aliagiza mvi hizo zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe. Hadi leo wapo wazee wa pwani wenye ndevu nyekundu za hina. Wekundu ule hauufichi uzee. Unauvika nguo ya sikukuu.

Haraka ya kutaka weusi ndiyo iliyoleta balaa. Mhina hautoi weusi. Unga unaouzwa kama "hina nyeusi", na piko ya kuchorea mikono, mara nyingi huwa na parafenilenidiamini, yaani PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 inapopakwa nywelini, wala hauiruhusu kuchorea ngozi. Mwili ukiikataa, ngozi hutoka malengelenge na uso huvimba, na ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha yote. Basi pakiti isomwe: palipo na hina tupu pataandikwa Lawsonia inermis peke yake. Kisha tone lijaribiwe ndani ya kiwiko na kuangaliwa kwa saa 48.

Hata hina safi ina mipaka yake. Kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea katika nchi za malaria, lawsoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Mapenzi ya mama yasimpake hina mtoto wake mchanga.

Kwa hiyo neno "asili" kwenye pakiti halimlindi mtu. Kinachomlinda ni ujuzi wa mpakaji: anayeuliza kabla ya kupaka, anayejaribu kwanza, anayemwambia mteja ukweli kwamba weusi wa dakika kumi hautoki kwenye mhina. Msusi wa Mollo mwenye ujuzi huo ni fundi kamili, ingawa mti wenyewe haujaota uani kwake. Anastahili kulipwa saa zake zote, pamoja na zile za kusubiri bakuli liive, kwa kuwa humo ndimo usalama wa mteja ulimo.