Msitu wa Cyrodiil na Kosa la Mnakili

Watu wazima wenye akili timamu wamebishana kwa miaka ipatayo ishirini juu ya miti ya nchi isiyokuwapo. Nchi hiyo yaitwa Cyrodiil, nayo ni kitovu cha dola katika mfululizo wa michezo ya kompyuta uitwao The Elder Scrolls, ulioanza kutolewa Marekani mwaka 1994. Mmoja katika michezo hiyo, The Elder Scrolls Online, huchezwa na watu wengi kwa wakati mmoja kwa njia ya mtandao. Ulitolewa Aprili 2014, na ndio uliotia kuni mpya katika ubishi huu wa zamani. Namwomba radhi msomaji ambaye hajapata kuigusa michezo hii. Simwiti acheze. Namwita asikilize hoja, kwa maana ni hoja za kazi yetu: riwaya zinazopingana, shahidi wa kuaminiwa na asiyeaminiwa, na mnakili ambaye hayupo kujitetea.

Asili ya ubishi ni hii. Mwaka 1998 mchezo uitwao Redguard uliuzwa pamoja na kijitabu, Pocket Guide to the Empire, kilichoandikwa kana kwamba ni kazi ya wanajiografia wa dola yenyewe. Humo Cyrodiil ni nchi ambayo sehemu yake kubwa ni msitu usio na mwisho. Watu wa mashariki yake huchanja miili yao, huabudu miungu isiyo idadi, na hufuga nondo, wale wadudu waruka usiku, kwa ajili ya hariri. Na nchi huuza nje mchele na nguo. Mwaka 2006 ukaja mchezo wa Oblivion, na mchezaji akapewa nchi nzima aizunguke. Alikuta mialoni, malisho ya majani mafupi, na ngome za mawe: nchi ambayo msomaji wa hadithi za Ulaya angeitambua hata akiwa amefumba jicho moja. Shamba la mpunga hakuliona.

Wapenzi wa michezo hii hawakukubali kwamba watunzi walibadili nia tu. Walitafuta sababu ndani ya hadithi, na wakaipata, au walidhani wameipata. Katika mchezo ule ule wa 2006 kimo kitabu cha mhusika aitwaye Mankar Camoran kinachodokeza kwamba makao ya mfalme yalikuwa msitu zamani. Katika Skyrim, mchezo wa mwaka 2011, mhubiri mmoja anasimama hadharani akitangaza kwamba Talos, yaani mfalme Tiber Septim aliyegeuka mungu, aliiumba upya sura ya nchi kwa ajili ya askari wake. Basi, wakasema, msitu ulikuwapo kweli, nao uliondolewa kwa pumzi ya mungu. Napenda kukiri kwamba jibu hili ni zuri. Linaligeuza kosa kuwa muujiza, na muujiza wenyewe una uzito, kwa kuwa twaambiwa kwamba ushindi wa dola ulikuwa na nguvu ya kufuta hata mimea.

Walakini mchezo wa mtandaoni wa 2014 umewekwa katika wakati uliotangulia kuzaliwa kwa Tiber Septim kwa zaidi ya miaka mia mbili, na Cyrodiil yake ina miti ile ile ya mwaka 2006. Muujiza umekuja nyuma ya matokeo yake! Watunzi, ambao hapana shaka waliiona hatari, wakaweka ndani ya mchezo kijitabu kingine, Subtropical Cyrodiil, kwa jina la mwanachuoni wa kubuni, Lady Cinnabar of Taneth. Humo linajadiliwa swali hili hasa, na inatajwa rai kwamba habari ya msitu ilitokana na kosa la kunakili.

Hapo ndipo mhakiki wa maandiko anapoinua kichwa.

Tuanze na neno lenyewe, maana liko jambo ambalo wabishi wengi hawakulitazama. Neno la Kiingereza jungle limetoka katika lugha za Bara Hindi, na katika Kisanskriti asili yake ilikuwa ardhi kavu, isiyolimwa, yenye miti michache. Lilifika kwenye maana ya msitu mnene wa majimaji baada ya safari ndefu. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua baina ya pori, mwitu na msitu, na uchaguzi wake ungekuwa hukumu: pori laweza kuwa vichaka na nyasi tupu mradi hapana mtu akaaye, bali msitu hauwi msitu pasipo miti iliyosongamana. Mtu angeweza basi kudai kwamba wanajiografia wa dola walisema pori na wasomaji wakasikia msitu. Nilijaribu njia hiyo kwa furaha kubwa, nikaikuta imefungwa. Kijitabu cha 1998 hakikuishia katika neno moja. Kimetaja kwa uwazi msitu wa mvua wa ikweta. Mnakili aweza kukosea neno, lakini si rahisi akosee neno, na mvua yake, na ikweta yake, kisha akosee na mchele.

Ila kitabu hicho hicho chasema kwamba katikati ya nchi, katika bonde la Nibenay, ni mbuga ya majani, na msitu umeizunguka. Na magharibi kuna miti ipukutishayo majani, na mikoko. Wenye kulilia msitu, aghalabu, hunukuu sentensi ya kwanza na kuiacha ifuatayo. Nusu ya ubishi ingalikwisha kama kila upande ungalisoma aya moja hadi mwisho.

Hoja ya pili husemwa na wale wapendao kujionyesha wajuzi: kwamba vitabu vyote vya michezo hii vimeandikwa na wahusika, na kila mhusika aweza kusema uongo, kwa hiyo hakuna kinachopingana na kingine. Sisi tuliozoea tarikhi ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na pia katika Kireno cha João de Barros cha mwaka 1552, riwaya mbili zisizoafikiana, hatushtushwi na mashahidi wanaotofautiana. Na ni kweli kwamba kijitabu cha 1998 kilitungwa ili kitiliwe shaka: katika sehemu ihusuyo maadui wa dola yamechapwa maandishi ya pembeni ya msomaji mwenye hasira anayekanusha kila dai. Lakini shahidi hapuuzwi kwa sababu tu aweza kusema uongo. Huulizwa ana faida gani. Dola husema uongo juu ya watu iliowashinda na juu ya wale inaotaka kuwashinda. Ina haja gani ya kuwadanganya raia wake juu ya miti iliyo mlangoni pao?

Wengine hukimbilia macho: tulichokiona kwenye kioo, wasema, chashinda tulichokisoma. Kilwa yako magofu, na mchimbaji aweza kuutoa ukuta chini ya mchanga ukamkanusha mwandishi. Cyrodiil haina mchanga. Nchi inayoonekana kwenye kioo nayo ni andiko, limeandikwa kwa picha na kampuni ile ile iliyoandika kitabu. Tena ni andiko la mkato: mji mkuu wa dola ya bara zima una wakazi unaoweza kuwahesabu kwa mchana mmoja, wala hakuna ashikiliaye kwamba idadi hiyo ndiyo ya kweli. Kwa nini basi watu wawe mfano, na miti iwe ushahidi?

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nami nimepata kumwonea mnakili. Nilipokuwa mwanafunzi ugenini nilikabidhiwa utenzi wa hati ya Kiarabu, nikakuta mahali pasemapo kwamba watu walifika kondeni "wakaima". Kijana mwenye haraka, niliona herufi ya lamu imeanguka, nikaandika "wakalima", na katika maelezo nikamsikitikia mnakili kwa uzembe wake. Mzee mmoja wa Lamu, aliyekuwa safarini huko, alinisomea ubeti ule kwa sauti, akasimama wima kutoka kitini, akaniuliza, "Mwanangu, mimi sasa nafanya nini?" Watu wale walisimama, jembe lilikuwa langu.

Kwa hiyo, nionapo watunzi wakimtaja mnakili wa kubuni ili kufunika uamuzi wao wenyewe, siwezi kucheka kama wachekavyo wengine. Kubadili nia ni haki ya mtunzi. Lakini kilichobadilishwa hapa kilikuwa na thamani. Hadithi za namna hii zimejaa falme za mialoni na theluji, na watu wa nchi za joto huwekwa pembeni, wawe washenzi au wachuuzi. Kijitabu cha 1998 kilithubutu kuiweka dola kuu, yenye sheria na majeshi na elimu, kati ya mito ya joto na wala wali waliochanjwa. Ndicho kilichopotea, na rai ya kosa la kunakili yatuambia kwamba hakikuwapo kamwe.

Mwaka 2024 mchezo wa mtandaoni uliongezewa sehemu iitwayo Gold Road, nchi ya magharibi ya Cyrodiil. Humo, hatimaye, msitu mnene umeota ghafla. Umeitwa Dawnwood, umeletwa kwa uchawi wa watu wa nchi jirani, umemeza mashamba ya wenyeji, na mchezaji huitwa kukabiliana na walioupanda.