Tabasamu Ndani ya Kambi: Kumsoma Zbigniew Libera Tofali kwa Tofali

Mwaka 1996 msanii wa Poland, Zbigniew Libera, alitengeneza maboksi saba ya kuchezea. Ukiyatazama kwa mbali ni maboksi ya LEGO kama yale ya madukani: nembo ipo kwenye kona, rangi zinang'aa, na picha kubwa mbele inamwonyesha mtoto atakachojenga akifungua. Ukisogea karibu ndipo unashtuka. Kinachojengwa ni kambi ya mateso. Kuna mabanda ya wafungwa, uzio na mnara wa walinzi. Boksi moja lina tanuri la kuchomea maiti. Jingine lina mlinzi anayempiga mfungwa. Lipo la kunyonga, na lipo la daktari anayemtesa mtu kwa umeme. Kazi yenyewe inaitwa "Lego. Obóz koncentracyjny", yaani kambi ya mateso ya LEGO.

Najua wapo watakaouliza: hapa ni kijiwe cha fasihi, matofali ya watoto yameingiaje? Yameingia kwa sababu naiona kazi hii kama maandishi. Ina msamiati, ina sarufi, ina wahusika, na ina msimulizi mjanja kupita kiasi. Tena inauliza swali ambalo kila mwandishi anayegusa vita au mauaji lazima alijibu: mateso ya watu wengine utayaandika kwa lugha ipi?

Tuanze na msamiati. Tofali la LEGO tunalolijua leo liliombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958. Jina la kampuni limetoka kwenye maneno ya Kidenishi "leg godt", maana yake "cheza vizuri". Tofali la kawaida lina vinundu 8 juu, safu mbili za vinne vinne, na chini lina mirija inayobana vinundu vya tofali jingine. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Lakini mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, alikokotoa kwamba matofali 6 tu ya aina hiyo, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mtu wa ushairi hashangai. Mizani 8 za ukwapi na 8 za utao zimewatosha malenga wetu kwa karne nyingi, na bado mashairi hayajaisha.

Kutoka kwenye matofali hayo ikazaliwa jamii kubwa ya watu wazima wanaojenga vitu vyao wenyewe bila kufuata kijitabu cha maelekezo: meli, misikiti, mitaa mizima, mandhari ya vitabu. Na jamii hiyo ina mgogoro wake, ambao sisi tuliolelewa na mabishano ya arudhi tunaufahamu vizuri. Wapo wanaosema ujenzi halali ni ule wa vipande vilivyotoka kiwandani tu: usikate, usipake rangi, usigundishe kwa gundi, usichanganye na vya kampuni nyingine. Kwao kipande cha kujichapia nyumbani ni guni. Wapo wanaosema hizo ni pingu, mjenzi awe huru. Tangu Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, sisi tumebishana maneno hayo hayo, tofauti yetu ni kwamba hatukuwa na plastiki mkononi.

Libera yuko upande wa arudhi. Karibu kila kitu ndani ya maboksi yale kilikuwa tayari kwenye seti za kawaida. Walinzi wamevaa sare nyeusi zilizotoka kwenye seti za polisi. Wafungwa ni mifupa myeupe, ile ambayo watoto waliizoea kwenye seti za ngome na mazimwi. Hakuunda kalibu mpya wala hakuchonga bunduki. Alibadilisha kidogo sana, mguso wa rangi kwenye baadhi ya nyuso, kisha akapanga. Nguvu yote ya kazi iko kwenye kupanga, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Angekuja na vipande vya kutisha alivyovibuni mwenyewe, tungesema, "Ah, msanii huyu ana mawazo mabaya," tukaenda zetu. Sasa tunalazimika kukiri kwamba kambi ilikuwa imo humo humo ndani ya boksi la polisi na boksi la hospitali, ikingoja mtu wa kuiunganisha.

Hebu tuziangalie nyuso. Kisanamu cha LEGO chenye miguu na mikono inayosogea kilianza kuuzwa mwaka 1978, na polisi alikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa. Kichwa kilikuwa cha manjano ili kisiwe cha taifa wala kabila lolote. Uso ulikuwa nukta mbili na tabasamu. Kwa zaidi ya miaka kumi visanamu vyote vilitabasamu hivyo hivyo, mpaka maharamia wa mwaka 1989 walipokuja na ndevu, vitambaa vya jicho na sura za hasira. Wabunifu walikuwa na nia njema: uso usio na habari nyingi unampa mtoto nafasi ya kujaza mwenyewe. Leo ni mama, kesho rubani, keshokutwa mwizi.

Ndani ya kambi, nafasi hiyo inageuka kuwa mtego. Mlinzi ameinua rungu, na unamtafuta usoni chuki, lakini huipati. Unatafuta majuto, hayapo pia. Unajikuta wewe mtazamaji ndiye unayeijaza chuki ile, kama mtoto anavyojaza. Waandishi wetu wengi wangefaidika kwa kukaa dakika tano mbele ya mlinzi huyu. Ni mara ngapi tumesoma riwaya ambamo muuaji ana macho mekundu, sauti ya kukwaruza na kicheko cha kishetani? Mwandishi anatupumzisha kwa kumchora muuaji kama zimwi, kwa sababu zimwi halifanani na jirani. Libera anakataa kutupumzisha. Mtu wake anafanana na polisi wa seti ya mtaani anayewavusha watoto barabara, kwa sababu ndiye yule yule.

Jambo la pili ni utaratibu. Seti ya LEGO huja na hatua zilizopangwa: moja, mbili, tatu, kila kipande mahali pake. Mjenzi hahitaji kujua anajenga nini ili ajenge vizuri, anafuata tu mchoro. Wanaosema kwamba Libera ameyafanya mauaji ya Wayahudi kuwa mchezo wamesoma nusu ya sentensi. Nusu ya pili inasema kwamba kambi zenyewe zilikuwa kazi ya upangaji: mabanda ya vipimo sawa, ratiba za treni, michoro ya wahandisi, zabuni, stakabadhi. Wengi walioshiriki waliweka tofali lao moja tu mahali palipoelekezwa. Umbo la kazi ya Libera ndilo hoja yake. Ukiihamishia kwenye mchoro wa rangi za mafuta, hoja inakufa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu hili si jambo la Ulaya pekee. Miaka miwili kabla ya maboksi haya, mwaka 1994, nchini Rwanda, neno la kawaida kabisa la kufanya kazi lilitumika kumaanisha kuua, na jina la mdudu wa jikoni, mende, likabandikwa kwa binadamu na kurushwa redioni. Hakuna aliyelazimika kubuni lugha mpya ya mauaji. Maneno yalikuwepo tayari, safi, ya kila siku, na watu waliyapanga upya. Ndiyo maana nasema kazi hii inamhusu mwandishi moja kwa moja. Sisi pia tunajenga kwa vipande tulivyovikuta, na hakuna neno linalozaliwa likiwa na dhamana kwamba litatumika kujengea hospitali tu.

Ukitaka kuona ukubwa wa Libera, mweke kando ya soko la visanamu vya kuagiza lilivyo sasa. LEGO yenyewe ina msimamo wa miaka mingi wa kutotengeneza vifaa vya kivita vya kisasa, kwa hiyo wengine wameziba pengo. Nchini Marekani kuna BrickArms wanaotengeneza silaha ndogo za kushikwa na visanamu, na Brickmania wanaouza vifaru na ndege za vita kwa matofali. Ufundi wao ni wa hali ya juu. Ukilitazama koti la askari wa Vita ya Pili ya Dunia lililochapwa kwenye kifua cha kisanamu, unahesabu vifungo. Siwalaumu wanaokusanya. Mtu ana haki ya kupenda vifaru, na wengi wao wanaijua historia kuliko mimi. Ila kama maandishi, rafu zile zina tatizo: kila kitu ni sahihi isipokuwa vita yenyewe. Askari wamejipanga, chuma kinang'aa, bendera ziko mahali pake, na hakuna hata kimoja kilichofanywa kwa mtu. Libera, kwa vipande visivyo sahihi kabisa, polisi wa mtaani na mifupa ya ngome, amekaribia ukweli kuliko wao. Usahihi wa vifungo na ukweli wa tukio ni vitu viwili, na wanaoandika riwaya za kihistoria huku kwetu wangelikumbuka hilo kabla ya kutujazia kurasa tatu za maelezo ya bunduki.

Kazi hii haikupokewa kwa vigelegele. Libera alipata matofali kutoka kwa kampuni, na maboksi yana maandishi yanayosema kazi imedhaminiwa nayo. Kampuni ilipoona kilichojengwa, ilipinga. Mwaka 1997 Libera aliombwa asiipeleke kambi kwenye maonyesho ya Venice Biennale, akajitoa kabisa. Mwaka 2002 ilipoonyeshwa New York, kwenye maonyesho ya "Mirroring Evil" katika Jewish Museum, baadhi ya manusura na familia zao walipinga. Baadaye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la Warsaw likainunua.

Pingamizi la manusura haliwezi kufukuzwa kwa kusema "hawaelewi sanaa". Aliyepoteza wazazi ndani ya kambi hana wajibu wa kuvumilia kejeli ya mtu yeyote ili sisi tupate somo. Tena Libera mwenyewe aliwahi kuonja jela, miaka ya mwanzo ya 1980, kwa kuchapa maandishi ya kuipinga serikali ya Poland, lakini jela hiyo haimpi tiketi ya kuzungumza kwa niaba ya waliochomwa. Ninachoweza kumtetea nacho ni kwamba hazungumzi kwa niaba yao. Kazi yake inawatazama walinzi, inamtazama mnunuzi wa boksi, inatutazama sisi.

Na hapo hapo ndipo ninapoona ufa wake. Wafungwa wote ni mifupa, na mifupa yote ni sawa. Tunawakuta wakiwa wameshakufa kabla ya kufa. Hawana jina, hawana umri, hawana hata kofia ya kumtofautisha mmoja na mwenzake. Utetezi upo: ndivyo kambi ilivyowafanya watu, nambari juu ya nambari. Naukubali, lakini hauniridhishi. Mnyanyasaji akishamvua mtu jina, msanii akija na kumwonyesha vile vile, bila jina, kazi ya mnyanyasaji imeendelea siku moja zaidi. Ile miguso ya rangi kwenye nyuso nayo ilikuwa ya ziada. Tabasamu la kiwandani lilitosha.

Kisanamu hicho hicho kimeonyesha kwamba kinaweza kufanya kazi iliyo kinyume. Mwaka 2003 zilitoka nyuso zenye rangi za ngozi za watu halisi, za wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA, na ule umanjano unaodai kuwa wa wote ukaanza kuulizwa maswali. Mwaka 2017 ikatoka seti ya wanawake wa NASA, iliyoanza kama pendekezo la shabiki, Maia Weinstock. Humo yumo Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, mwenye uso wa kahawia na jina lake. Kwenye pendekezo la mwanzo alikuwemo pia Katherine Johnson, mwanahisabati. Kwenye seti iliyouzwa hayumo. Seti ile kama sanaa ni nyepesi, tena sana, wala siwezi kuiweka mizani moja na kambi ya Libera. Lakini inajua kitu ambacho Libera hakukijali: kwamba sentimita nne za plastiki zinatosha kumtaja mtu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama somo juu ya muuaji, sijaona kazi ya plastiki, na ni chache za karatasi, zinazoifikia. Kama kumbukumbu ya aliyeuawa, ni tupu, na anayeandika juu ya mauaji baada ya Libera ana deni la kuijaza. Achukue kutoka kwake ule ukatili wa kutoongeza chochote, kutumia maneno ya kawaida mpaka yatoe jasho. Halafu aende kwenye yale mabanda, amchukue mfupa mmoja, amuulize jina lake, alikuwa anauza nini sokoni, na nani alimngoja jioni ile asirudi.