Uaminifu kwa Shamba la Wanyama: Kitabu, Filamu na Albamu ya Pink Floyd

Wapenzi wa roki ya zamani wakiulizwa albamu bora ya Pink Floyd, wengi hutaja The Dark Side of the Moon (1973) au The Wall (1979). Mimi huchagua Animals, iliyotoka Januari 1977. Sababu yangu ni ya mwanafunzi wa fasihi: naona albamu hii imemwelewa George Orwell kuliko filamu iliyotengenezwa moja kwa moja kutokana na kitabu chake.

Kitabu chenyewe, Animal Farm (1945), wengi wetu tunakijua kupitia tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ya mwaka 1967. Nguvu yake iko mwishoni. Wanyama wanachungulia dirishani, nguruwe na binadamu wamekaa meza moja wakicheza karata, na haiwezekani tena kujua yupi ni yupi. Hakuna anayevunja mlango. Orwell anatuacha pale pale dirishani.

Filamu ya katuni ya John Halas na Joy Batchelor (1954) ina michoro mizuri, na Maurice Denham alitoa sauti za wanyama wote peke yake. Farasi Boxer anapochukuliwa, naumia kila mara. Lakini mwisho umegeuzwa: wanyama wanaivamia nyumba na kuwapindua nguruwe. Leo inajulikana kwamba fedha za filamu hiyo zilitoka kwa siri kwa CIA. Wahakiki hulalamikia uasi huo wa pili. Mimi nalalamikia zaidi wageni walioko mezani. Katika filamu ni nguruwe watupu. Binadamu ameondolewa, na pamoja naye imeondoka nusu ya shutuma ya Orwell, kwa maana kitabu hakisemi tu kwamba nguruwe wameharibika, kinasema wamefanana na bwana wa zamani. Darasani tunapima tafsiri kwa uaminifu wake kwa matini chanzi. Filamu hii imehifadhi karibu matukio yote, ikapoteza hoja.

Roger Waters hakuchukua hata kisa. Aligawa jamii ya Uingereza ya miaka ya 1970 katika mbwa, nguruwe na kondoo, basi. Nyimbo mbili kati ya tatu ndefu zilikuwa zimeshapigwa jukwaani mwaka 1974 kwa majina mengine, na wasioipenda albamu husema wanyama ni koti lililovalishwa baadaye. Kweli, mishono inaonekana, hasa katika "Pigs". Humo anamtaja Mary Whitehouse, mwanamke aliyepigania maadili katika televisheni ya Uingereza, na msikilizaji wa huku kwetu lazima aulize huyo ni nani. Orwell hakumtaja Stalin popote katika kisa chake. Ndiyo maana kejeli yake haijachakaa.

Lakini "Dogs"! Dakika 17, na sitaki ipunguzwe hata moja. Mbwa tisa wa Orwell hawana nafsi. Walinyang'anywa mama zao wakiwa wachanga, wakafunzwa kung'ata. Waters na David Gilmour wanampa mbwa maisha: anajifunza kutabasamu na kushikana mikono, anaaminiwa, anauma, kisha anazeeka na kufa peke yake kwa saratani. Gitaa la Gilmour hapa halina hasira, lina uchovu. Kitabu hakiulizi anayemtumikia mkubwa hupata nini mwishowe. Wimbo huu unauliza, na sisi tulioona mbwa wa namna hiyo katika nchi zetu hatuhitaji maelezo.

Katika "Sheep", sauti iliyopotoshwa kwa mashine inakariri Zaburi ya 23 iliyogeuzwa, mchungaji akiwa ndiye mchinjaji. Kondoo wanaasi, mbwa wanauawa. Hapo filamu ingetangaza kumepambazuka. Waters anaongeza jambo moja: mara tu habari za ushindi zinapofika, kondoo wanaambiwa wabaki nyumbani na watii. Nani anayetoa amri hiyo, hatuambiwi.

Vipande viwili vifupi vya "Pigs on the Wing", vinavyofungua na kufunga albamu kwa maneno ya mapenzi, kwangu ni sukari iliyozidi. Mara nyingi huzima "Sheep" inapokwisha, magitaa yakishangilia kwa nguvu juu ya kondoo walioamriwa kukaa ndani.