Raba za Dereva wa Kakese

Masika, tope la mashamba ya mpunga Kakese hugandia nyayo kama ukoko kwenye sufuria. Ndiyo maana dereva ninayemsifu hapa, mbeba magunia kwenda Mpanda mjini, ana viatu vya kubadilisha garini. Huketi ubavu, miguu nje, akavua mabuti. Hujifuta kwa kipande cha kiroba mpaka katikati ya vidole, kisha huvaa raba za soli nyembamba na kuchomeka ncha za kamba ndani.

Nilimwuliza kwa nini haendeshi na kandambili, na joto lote hili.

“Mdogo wangu, kandambili ikijikunja chini ya breki, utakanyaga plastiki.”

Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mwendo huo tu ni karibu mita 14 kila sekunde, na hakuna anayenasua kandambili kwa sekunde moja. Mabuti nayo hayataki, kwa sababu mguu hausikii. Kiswahili kimetutendea wema kutumia neno hilo hilo kwa sikio na kwa ngozi. Nimemwona akiinua klachi taratibu kwenye utelezi, gari limesheheni, akitafuta kwa unyayo pale inapoanza kushika. Tairi halikuzunguka bure hata mara moja. Ule ni ufundi, kama wa seremala anayejua kwa kidole kwamba ubao umelainika.

Akipata mzigo wa Sumbawanga, mavazi hubadilika. Baada ya Sitalike barabara huingia Hifadhi ya Katavi, kwenye ndorobo, na ndorobo hupenda kitu kinachotembea na rangi ya bluu iliyoiva au nyeusi. Hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Yeye huvaa shati la kaki la mikono mirefu, akafunga vioo. Wengine humwona mwenye kujali mno. Mimi nadhani anajua thamani ya mkono uliotulia: ndorobo akichoma shingoni, mkono huacha usukani kabla hujaamua.

Huko mbele, Ufipa, baridi ya asubuhi hudai koti. Hulivaa akishuka na kulivua akipanda, kwa kuwa koti nene huacha nafasi kati ya mkanda na mwili, na gari likigonga, mwili hurushwa mbele kwanza ndipo mkanda ukaze. Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni, alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, hutaka kukaa juu ya mifupa: wa bega, wa kifua, wa nyonga. Huushusha kwa dole gumba usikae tumboni, na utingo hufanya vilevile bila kuambiwa.

Jioni akirudi Kakese, huzima gari na kusubiri kidogo, akisikiliza injini ikipoa. Huvua raba, akazigonganisha mara mbili vumbi litoke, akazisukuma chini ya kiti. Kisha hutoa kandambili zake nyuma ya kiti, akaenda nyumbani kwa miguu.