Stata Inayokataa Mara Mojamoja: Namna ya Kuitafuta Hitilafu Katika Toyota Kuukuu

Gari linalokataa kuwaka moja kwa moja ni rahisi kutengeneza kuliko linalokataa mara moja kwa wiki. La kwanza hukaa na ugonjwa wake mpaka fundi afike. La pili husukumwa, hutikiswa au huachwa lipoe, na likifika gereji linawaka kwa ufunguo wa kwanza. Fundi hubaki kubahatisha, na bahati hiyo hulipiwa na mwenye gari.

Mengo, kama kwingine Kampala, haikosi magari ya namna hiyo: Toyota Premio za 1996 hadi 2001, Corolla na Ipsum za rika lao, zilizoingia kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi haikuyagusa yaliyokuwa tayari barabarani, nayo yanaendelea kuishi kwa spea za soko la Kisekka. Gari la gia za mkono huweza kuegeshwa likitazama mtelemko ili liwake kwa kuteremka, na vilima havikosekani. La otomatiki halina hila hiyo.

Swali la kwanza ni kama injini inazunguka. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini isishike, betri na stata hazina kosa. Shida iko kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi. Isipozunguka, sikio ndilo kipimo cha mwanzo. Mlio wa haraka wa tak-tak-tak, taa za dashibodi zikififia, mara nyingi ni betri iliyoishiwa au kichwa chake kilicholegea. Mlio mmoja mzito, taa zikibaki angavu, unaelekeza kwenye stata. Kimya kitupu kinaelekeza kwenye njia ndogo ya umeme inayoiamuru stata ifanye kazi.

Kwa kawaida betri ndiyo hushtakiwa kwanza, pengine kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha. Kuisafishia jina hakuhitaji muda. Ikiwa imejaa na imetulia huonyesha volti 12.6 hivi, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6. Ikipita hapo, fedha ya betri mpya ibaki mfukoni.

Kinachofuata ndicho kinachorukwa na wengi. Stata ya injini ya lita 1.8 hula umeme mwingi, zaidi ya ampea 100 inapozunguka. Kwa ampea 150, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unameza volti 1.5. Mita ya kawaida haiwezi kuuona ukinzani mdogo kiasi hicho, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zinauzidi. Waya mnene uliolika kwa kutu ukabakiwa na nyuzi chache utaonyesha volti 12 kamili stata ikiwa imelala, kisha ushindwe mara tu mzigo unapokuja. Kwa hiyo kupima bila mzigo hakuthibitishi lolote. Kinachopimwa ni volti zinazopotea njiani wakati ufunguo umeshikiliwa kwenye kuwasha.

Ncha moja ya mita huwekwa juu ya risasi ya kichwa chanya cha betri, si juu ya kibano chake, na nyingine juu ya bolti kubwa ya stata. Upotevu ukizidi nusu volti, waya au viungo vyake vina kosa. Kisha hupimwa upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi mwili wa injini. Upande huu husahauliwa mno, ingawa waya unaounganisha injini na bodi hushika kutu na kulegea kama mwingine wowote.

Nyaya zote zikiwa safi, zamu ni ya solenoidi. Katika stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota hizi, ndani yake mna vipande viwili vya shaba, na plunja huvibana ili umeme mkubwa upite. Kila kuwasha huruka cheche inayokula shaba kidogo, na kipande cha upande wa betri mara nyingi huisha kabla ya mwenzake. Siku plunja ikigusa pembeni palipobaki shaba, gari linawaka. Ikikosa, husikika mlio mmoja tu. Dalili kwenye mita ni wazi: bolti ya betri ina volti 12, ile inayoingia kwenye mota haina kitu. Umeme ukifika kwenye mota na bado isizunguke, kaboni zimeisha. Kugonga stata kwa spana huiamsha katika hali zote mbili, kwa hiyo kugonga hakutofautishi kosa moja na lingine. Vipande vipya vya shaba ni nafuu kuliko stata iliyotumika, ambayo shaba yake nayo haijulikani imebaki kiasi gani.

Mlio usiposikika kabisa, hupimwa waya mwembamba wa solenoidi. Volti zake zikishuka sana, chini ya 9 hivi, kosa liko kabla yake: swichi ya ufunguo, rilei, au swichi ya gia. Gari likikataa gia ikiwa kwenye P na kukubali kwenye N, swichi ya gia imechoka. Joto huzidisha balaa, kwani ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Gari lililotoka kwenye jamu ndefu hukataa, kisha hukubali baada ya kupoa.

Kwa injini inayozunguka bila kushika, plagi ya akiba ikilazwa kwenye mwili wa injini huonyesha kama cheche ipo. Ikiwepo, husikilizwa pampu ya mafuta na rilei yake. Isipokuwepo, hukaguliwa distributa, hasa baada ya mvua.

Matengenezo huthibitishwa injini ikiwa moto, kwa kuwasha na kuzima mara nyingi huku vipimo vilevile vikirudiwa na kuandikwa pembeni mwa vile vya awali.