Ungempeleka Wapi Mkweo?

Msimu wa kahawa ukifunguka, miji midogo ya Karagwe na Kyerwa hujaa magari yenye matope ya mbali. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, kote wanaingia wanunuzi, wakaguzi wa ubora, wauza magunia, watu wa benki na sisi tunaouza mashine za kukoboa. Mchana kila mtu ana kazi yake, na kazi hiyo ina cheo na mshahara. Jioni inabaki kazi moja isiyo na cheo wala mshahara, nayo mara nyingi humwangukia yule asiyeujua mji: kuna mteja wa kulishwa. Atapelekwa wapi?

Nataka kuusifu ufundi huu, maana ni ufundi kweli, ingawa hauna chuo na hakuna anayeuandika kwenye wasifu wake. Anayeumudu haonekani. Mteja huondoka akisema tulikula vizuri, asijue kwamba kuna mtu aliyeshinda mchana kutwa akiuhangaikia usiku huo. Asiyeumudu hujulikana kabla sahani hazijafika.

Kwanza tukubaliane chakula hicho ni cha nini. Si cha kupanga bei. Kahawa ya mkulima wa huku hupita kwenye chama cha msingi, ikaenda chama kikuu, yaani KDCU kwa wilaya zote mbili, na bei yake hutoka mnadani, mbele ya watu. Hakuna kuku wa kienyeji anayeweza kupandisha wala kushusha shilingi kumi pale, na akiweza, hicho si chakula tena, ni rushwa. Kinachotafutwa mezani ni yale ambayo mnada haupimi. Mashine ikikorofisha katikati ya msimu, nani atapokea simu? Mzigo ukiwa na unyevu, utasemwa au utafichwa? Mwaka kesho tukikutana tutasalimiana au tutakwepana? Mambo hayo hayasemwi na mtu anayejiona ana deni. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mahali pazuri ni pale ambapo mteja anakula, anashiba, na bado ana uhuru wa kukukatalia kesho yake asubuhi.

Mahali hapo panapatikanaje katika mji usioujua? Kwa kuuliza, na kuuliza kwenyewe ndiko nusu ya ufundi. Mgeni akiuliza, "Wapi kuna chakula kizuri?" ataelekezwa kwenye jengo lenye taa nyingi, kwa kuwa aliyeulizwa ameshamtazama viatu. Akiuliza "wapi rahisi" ataelekezwa kwenye chipsi. Swali ninalolitumia mimi nalipeleka kijiweni kwa bodaboda: "Kaka, mkweo akija leo jioni ungempeleka wapi?"

Hapo kijana hunyamaza. Mkwe si mtu wa mchezo huku. Humpeleki mahali pa kelele, humkalishi penye walevi, wala humlishi chakula kilicholala. Lakini pia bodaboda hana hela za kutapanya, kwa hiyo hatataja hoteli ya wakubwa. "Mkwe? Hapo umenibana," mmoja aliniambia Omurushaka, kisha akawageukia wenzake. Wakabishana kwa Kinyambo, majina mawili yakaanguka, likabaki la mama mmoja nyuma ya soko ambaye kibao chake kilikuwa kimefutika maandishi. Mjadala ule ulinifaa kuliko tangazo lolote la barabarani.

Jina ukishalipata, nenda mwenyewe asubuhi. Usiku kila mahali panapendeza. Saa tatu asubuhi jiko halina pa kujificha. Kwa mama yule nilikuta wasichana wawili wamekaa juu ya vigoda, viganja vimepakwa mafuta ili utomvu usigande, wanamenya ndizi. Kisu kinaingia ubavuni, ganda linatoka vipande virefu, ndizi inatumbukizwa kwenye beseni la maji isije ikapiga weusi. Maganda yalikuwa yakirundikwa pembeni, na mbuzi wa jirani alikuwa ameshafunga safari. Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Mwenye jiko akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mko wangapi, na mnakula saa ngapi?" Aliyeuliza saa kabla ya kutaja bei anajua kazi yake.

Ndizi za kupika haziwezi kusubiri mtu. Zikitoka motoni zina ulaini na harufu. Zikipoa hukakamaa, na ukizipasha hazirudi zilivyokuwa. Wali utasubiri, nyama ya kukaanga itasubiri, ndizi hazisubiri. Mteja anayetoka Bukoba anaweza kuchelewa kwa sababu yoyote, kwa hiyo mpango wetu ulikuwa rahisi: gari likifika Kyaka, mimi napiga simu, na mama anaziunganisha ndizi na maharage, anaongeza vitunguu, nyanya na nyama, anafunika kwa jani la mgomba. Kutoka Kyaka hadi Bugene, karibu na Omurushaka, ni kilomita 59 hivi za lami, zenye kupanda milima. Gari likimaliza kupanda, sufuria nayo inakuwa imeiva.

Kuna mengine ya kukagua, na hayana heshima sana kuyaandika. Choo kikague wewe mwenyewe, usimwachie mteja kazi hiyo. Maji ya kunawa yawe ya moto na yaletwe mezani, maana hapa watu wazima hula kwa mkono bila kuona haya. Tazama mkaa wa kuchomea nyama: kama kitimoto kinachomwa juu ya wavu uleule wa mbuzi, basi mteja Mwislamu asiletwe hapo, na Msabato vilevile, hata kama wote wawili kwa adabu zao wasingesema neno. Uliza kama siku hiyo kuna mechi ya Simba na Yanga. Ikiwa ipo, hamia siku nyingine au mahali pasipo runinga, kwa sababu hakuna mazungumzo ya maana yanayoshindana na penalti. Kumbuka pia baridi. Karagwe ni nyanda za juu, na mtu wa Dar es Salaam akikalishwa nje chini ya kibanda cha makuti saa mbili usiku atafikiria koti lake tu. Huyo mwekee kiti ndani, mbali na mlango.

Kwa wenyeji wa hapa hakuna lililo jipya katika ufundi huu. Mwezi Novemba 1861 msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliingia Karagwe ukitokea Usui, ambako mtawala Suwarora na watu wake walikuwa wameukamua hongo hadi basi. Walipovuka mpaka mambo yakageuka. Speke anaeleza katika kitabu chake cha 1863 kwamba maofisa wa mfalme Rumanyika waliupokea msafara njiani na kuulisha kwa gharama ya mfalme, kwa kuwa Karagwe mgeni hakutozwa kodi. Walipokaribia makao yake Bweranyange, Rumanyika aliwaachia wachague pa kukaa: ndani ya boma, nje yake, au Kafuro kwenye kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Wakachagua nje, juu ya ziwa, kwa ajili ya mandhari. Salamu za mfalme, Speke anasema, zilikuwa za Kiswahili kizuri.

Nikilitazama tukio hilo kwa jicho la mtu wa biashara, naona kila kitu kipo. Mwenyeji amemjulia mgeni lugha. Amemlisha kabla hajaulizwa amebeba nini. Amempa nafasi ya kuchagua, na mgeni alipochagua kukaa nje ya boma, hakununa. Rumanyika hakuwa mtu asiye na haja. Alikuwa na ugomvi wa ufalme na ndugu yake Rogero, na alitaka wageni wale wamsaidie kwa dawa na uwezo aliodhani wanao. Aliyoyataka hakuyapata, lakini chakula hakikukatwa. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862, Grant aliyekuwa anaugua mguu aliachwa Karagwe akiuguzwa, akaondoka miezi kadhaa baadaye. Suwarora alivuna shanga na nguo nyingi zaidi kwa wageni walewale. Lakini jina lililobaki na sifa ni la Rumanyika, na tangu 2019 linaitwa kila siku katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Turudi mezani. Jambo la kwanza kuletwa, kabla ya soda, liwe kahawa ya kutafuna: buni zilizochumwa, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Mgeni hupewa chache kiganjani. Kwa Wanyambo, Wahaya na hata ng'ambo kwa Waganda, hiyo ndiyo karibu yenyewe. Kwa mnunuzi ni zaidi ya hapo. Nimemwona mtu aliyekuwa anaijua robusta kwa gunia na kwa asilimia ya unyevu akiiweka mdomoni kwa mara ya kwanza, akakunja uso, akatafuna tena, akauliza maswali ambayo hakuyauliza ghalani. Na ni vizuri atafune mapema, kwa sababu akiagiza kikombe cha kahawa kwenye mkahawa wa kawaida, katikati ya mashamba yote haya, ataletewa chupa ya maji ya moto na kopo la Africafé, ile ya unga inayotengenezwa na TANICA pale Bukoba. Mkulima mwenyewe jioni hunywa chai ya maziwa. Mweleze mgeni mapema, mcheke pamoja.

Rubisi, pombe ya ndizi, nayo ionyeshwe, isilazimishwe. Kama ipo, mwenyeji aionje kwanza mbele ya mgeni, kisha ampe. Mgeni akisema hapana, kibuyu kipite kwa mwingine bila maelezo. Samaki wa Ziwa Victoria wako umbali wa safari nzima, kwa hiyo usimwagizie sato mtu anayetoka Bukoba au Mwanza. Kwao alimwacha wa asubuhi. Mpe kile ambacho mahali hapa panakijua: ndizi, maharage, mbuzi, maziwa.

Kuhusu malipo, malizana na mwenye jiko kabla mteja hajafika, kwa simu, na mwombe asilete hesabu mezani. Hapa ndipo mhasibu wa ofisini huingia na swali lake la risiti ya mashine ya EFD, na mama wa nyuma ya soko hana mashine hiyo. Ofisi nyingi, kwa hofu ya karatasi, huwapeleka wateja wao kwenye kuku mkavu wenye risiti halali. Mimi namwelewa mhasibu. Lakini meneja mwenye akili hutenga kifungu kidogo cha fedha za namna hii, na huwaamini watu wake kwa kiasi hicho.

Ukivuka kwenda Kyerwa, wilaya iliyozaliwa 2012 kutoka Karagwe, kanuni hubaki, vipaumbele hubadilika. Kiangazi mteja hufika Nkwenda na vumbi hadi kope, kwa hiyo beseni na taulo vina thamani kuliko orodha ya vyakula. Murongo, mpakani, ng'ambo ya mto ni Kikagati ya Uganda, na mezani wanaweza kukaa watu wa nchi mbili wanaosikilizana lugha zao za nyumbani kuliko unavyowasikiliza wewe. Hapo kaa kimya kidogo. Umewaleta mahali pao, waache wakukaribishe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na mara nyingine anayelipa ndiye mgeni.

Ufundi huu una kipimo kimoja, na hakipatikani usiku uleule, wakati kila mtu anashukuru na kusifia mchuzi. Subiri asubuhi. Mteja akikupigia simu na kukwambia bila kuzunguka kwamba mashine yako ni ghali, kwamba ya mwenzako ina vipuri Mwanza na yako haina, na kwamba msimu huu hapana, jua kwamba ulichagua vizuri. Mtu uliyemfunga kwa chakula angesema atafikiria, kisha asipokee simu hadi Desemba.